Pipa Lisilofunikwa

Shimo lile nilisema mimi lichimbwe. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu watu wa pale ufukweni waliamini kwamba lilikuwa wazo la kaka yangu, na kaka yangu, kwa ule ukimya wake wa kuudhi, akawaacha waamini hivyo.

Kaka ni fundi wa injini. Enzi za kivuko alikuwa na karakana yake karibu na Kigongo, akitengeneza mashine za kusaga na pampu za watu wa bustani, na wateja wake wengi walikuwa watu wanaosubiri kuvuka kwenda Busisi. Daraja lilipofunguliwa foleni ikaisha, watu wakawa wanapita juu bila hata kupunguza mwendo. Sikumwonea huruma sana. Nilimwambia aache kulalamika, atengeneze dizeli.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja mjini. Nilikuwa nimewaona wanafunzi wakitengeneza dizeli ndani ya chupa kwa mafuta ya alizeti. Nikamwambia kaka kwamba sisi hatuhitaji alizeti, mafuta ya sangara yanamwagwa kila siku kwenye viwanda vya minofu na kwa wakaanga mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa. Unayachemsha, unayachuja, unayachanganya na spiriti na ile kostiki ya watengeneza sabuni, halafu unayaacha yatulie. Juu inakaa dizeli, nyepesi, rangi ya chai isiyo na maziwa. Chini linabaki tope.

Kitaalamu tope hilo ni gliserini iliyochanganyika na sabuni, chumvi na mabaki ya spiriti. Ni zito, jeusi, linanata, na linanuka samaki aliyesahauliwa. Kwa kila mapipa kumi ya dizeli unapata kama pipa moja la tope, utake usitake. Kaka alipoanza kuitengeneza alinipigia simu kuniuliza, "Hili tope nalipeleka wapi?" Nilikuwa na haraka siku hiyo, nina vyombo vya wanafunzi vya kuosha. Nikamwambia, "Chimba shimo kwa sasa. Tutajua baadaye."

Hiyo baadaye ikaja na masika. Shimo likajaa maji, tope likapanda juu, likatambaa mchangani mpaka kwenye chanja za akina mama wanaoanika dagaa. Dagaa wa siku nzima wakawa wananata kama waliomwagiwa gundi. Akina mama walikuja karakana wakiwa na beseni la dagaa hao, mbele yao kiongozi wao, mama mmoja mwenye sauti inayofika ng'ambo ya pili bila kivuko. Alimwaga dagaa wote mlangoni kwa kaka, akasema, "Kula."

Shauri likapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nilikwenda, nikakaa nyuma. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema katika mkutano unaofuata, baada ya miezi mitatu, kaka aonyeshe shimo limekwisha na aeleze tope litakuwa linakwenda wapi. Akishindwa, karakana iondoke ufukweni. Mtu mmoja akauliza nani alitoa akili ya kuchimba shimo mahali pale. Kaka akasema, "Ni mimi," akakaa chini.

Sikusema kitu. Niliogopa, na sina neno jingine zuri zaidi la kuliweka hapo. Tuliporudi karakana nilimuuliza kwa nini alijibu vile. Akasema, "Sasa nimtaje mdogo wangu mbele ya watu ili iweje?" akaendelea kufungua nati. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Sikufanya hata moja. Nilichota udongo pembeni ya shimo nikaujaza kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaondoka nao.

Nilijua ninachotafuta. Kuna aina ya chachu, ndugu wa mbali wa hamira ya maandazi, ambayo hupenda mahali penye mafuta. Ukiipa gliserini inaila, na ikishaila, kama umeinyima mbolea ili isinenepe bure, inaanza kutoa uchachu ule ule ulio ndani ya limau. Ukichuja na kukausha unapata ndimu ya unga, ile inayotumika kuondoa kutu na magamba ya birika, na ambayo watengeneza sabuni za maji wanaitafuta. Nilikuwa nimesoma hayo nikiwa nasubiri mashine zimalize kazi. Nikafikiri kwamba kama chachu hiyo ipo popote mkoani Mwanza, basi ipo kwenye udongo uliolowa tope la kaka yangu.

Ilikuwepo. Iliota kwenye visahani vyangu, nyeupe, imekunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi. Nilisafisha tope kidogo, nikaliondolea spiriti kwa moto mdogo, nikatia maji ya betri matone machache, mafuta na sabuni vikaelea juu, nikaviengua, nikabaki na maji ya rangi ya asali. Nikatia chachu ndani ya chupa, nikaziba kwa pamba, nikaiweka kwenye mashine ya kutikisa. Baada ya siku tano nilichovya karatasi ya kupimia asidi, ikabadilika rangi. Nilifurahi mpaka mlinzi wa chuo akaniuliza kama nimeposwa.

Kilichobaki kilikuwa kutoka kwenye chupa kwenda kwenye pipa. Niliona ni jambo dogo, na hapo ndipo malezi yangu yaliponiponza.

Mama yetu, ambaye sasa ninaishi naye Kiseke mjini, alikuwa mpika pombe. Huko kijijini kwetu watu walilima kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho, na mwenye shamba alitakiwa awe na pombe ya mtama ya kutosha wote. Waliokuwa hawajui kupika walikuja kwa mama. Nilikua katikati ya vyungu vyake. Chungu kikishatiwa kimea kinafunikwa ungo, juu ya ungo kitambaa, juu ya kitambaa jiwe. Baada ya hapo hakuna kutazama. Sisi watoto tukipita pale tuligeuza uso upande wa pili, na mgeni akiingia chumba kile bila kubisha hodi alifukuzwa hata kama ni shemeji.

Mama hakuwa anatania. Alipokuwa bado bi harusi alipika chungu chake cha kwanza kwa ajili ya wakwe. Jirani mmoja alikuja kuomba kaa la moto, akafunua, akatazama, akasema, "Inaendelea vizuri." Kesho yake pombe ikawa na utelezi, wakwe wakaitema mbele za watu. Mpaka leo mama anaweza kukutajia rangi ya kitenge alichovaa yule jirani.

Kwa hiyo nilipojaza pipa la kwanza pale karakana, nikatia chachu, nililifunika. Nilitandaza nailoni, juu yake nikaweka mfuniko wa bati, nikazungushia mpira wa tairi ya baiskeli nikaukaza mpaka ukalia. Hakuna aliyeniambia nifunike, mikono ilifunika yenyewe. Mama, ambaye nilikuwa nimemwomba aje kunisaidia kwa sababu pua yake inajua mambo ya kuchacha kuliko mashine zetu, alilizunguka pipa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamwambia kaka asiruhusu mtu kulisogelea.

Baada ya wiki nilifungua. Harufu iliyotoka ilimfanya kaka atoke nje bila kuaga. Karatasi ya kupimia haikubadilika hata kidogo. Nilimwaga pipa zima kwenye mapipa mabovu, nikaosha, nikaanza tena. Safari hii nilifunika nailoni mbili. Wiki ikapita, uvundo ukawa ule ule.

"Kuna mtu ametazama," mama akasema.

"Mama, hakuna aliyetazama. Limefungwa kama jeneza."

"Basi kuna mtu ametazama kabla hujafunga. Ni yule mwanamke wa dagaa, nimemwona anavyochungulia kwenye uzio."

Nilikuwa nimechoka, nauli na likizo vyote vinaishia barabarani kati ya Kiseke na Kigongo, na nusu ya miezi mitatu ilikuwa imekwisha. Nikamjibu mama yangu kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Nilimwambia hii ni sayansi, si uchawi, na kwamba mambo yake ya macho yananichelewesha. Alifunga khanga yake vizuri, akaenda kukaa kwenye kibao nje. Nilijua nimekosea kabla hata sijamaliza sentensi, lakini nilikuwa na hasira na sikurudi nyuma.

Mara ya tatu nilijaza mapipa matatu kwa mpigo. Kaka aliniangalia nikikaza mipira. "Yakikataa haya?" akauliza.

"Hayatakataa."

"Mimi nauliza tu. Kuna rafiki yangu wa Usagara ana kibanda hakitumii. Injini naweza kuzihamishia kule."

"Huhami," nikamwambia. "Wewe hukuchimba shimo kwa akili yako, na huhami kwa ajili ya akili yangu." Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nilirudi mjini nikiwa nimekata shauri. Kama mapipa haya yangeoza, ningeanza mengine jioni ile ile, na kama yangeoza hayo pia, ningesimama kwenye mkutano nilibebe jina la lile shimo mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilifika peke yangu. Mama alisema mgongo unamuuma, na wote wawili tulijua hakuwa mgonjwa. Nilifungua pipa la kwanza, likanuka uvundo ule wa siku zote. La pili nalo lilikuwa hivyo hivyo. Nilipolifikia la tatu, lililokuwa kando ya uzio upande wa chanja, niliona mpira wake umefungwa fundo nisilolijua. Mimi hufunga fundo la kuvuta. Lile lilikuwa fundo la magunia. Na kwenye ukingo wa pipa, amenata na kukauka, kulikuwa na dagaa mmoja.

Nikafikiri, mama alisema kweli, yule mwanamke wa dagaa ameingia, ametazama, pengine ametia kitu. Nilivuta mfuniko kwa fujo. Ndani kulikuwa na povu la rangi ya maziwa, na harufu iliyopanda ilikuwa kali lakini safi, ya kukufanya umeze mate. Nilichovya karatasi. Ilibadilika palepale, nikachovya nyingine kwa kutoamini, nayo ikabadilika.

Nilitoka pale na dagaa yule kiganjani, nikaenda kwenye chanja. Yule mama kiongozi alikuwa akigeuza dagaa. Nilimwamkia, "Shikamoo," kwa sauti isiyokuwa na heshima yoyote ndani yake.

"Marahaba. Una nini?"

"Umefungua pipa langu."

Nilitegemea akatae. Aliweka mikono kiunoni. "Nimefungua. Na jana nimefungua. Na juzi. Mimi nikiona kitu kimefungwa vile najua ni sumu, na hawa dagaa wanaliwa na watoto wa watu. Kila nikifika asubuhi nafungua, nakoroga mpaka chini nione mnaficha nini. Saa sita tena, kaka yako akiwa kichwa ndani ya injini. Jioni tena. Sasa niitie polisi."

"Unakoroga na nini?"

"Na mwiko wangu wa ugali. Mbona unauliza kama hujawahi kuona mwiko?"

Nilikaa chini pale pale mchangani. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yule mama akaanza kukasirika akidhani namcheka yeye. Nilikuwa najicheka mimi. Kule maabara nilikuwa nimeziba chupa kwa pamba, ambayo inapitisha hewa, na kuiweka juu ya mashine inayotikisa usiku na mchana, na sikuwahi kujiuliza ile mashine inatikisa kwa ajili gani. Chachu hii haifanyi kazi bila kupumua. Niliipeleka kwenye pipa nikainyonga kwa nailoni na mpira wa baiskeli, kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani. Pipa pekee lililopona ni lile alilolitazama adui yetu, mara tatu kwa siku.

"Mama," nikamwambia, "naomba uendelee kukoroga."

"Umeshaanza kuumwa wewe."

"Na hayo mengine mawili pia. Tafadhali."

Aliuliza kama kuna sumu au hakuna. Nilimwambia spiriti nimeiondoa, maji ya betri yalikuwa matone na yameshapoa nguvu, na kwamba nisingemwambia akoroge kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekoroga. Ila asionje. Akasema yeye si mjinga wa kuonja kitu kinachotoka kwa kaka yangu. Siku ile alikoroga mapipa yote matatu.

Kazi ngumu ilikuwa Kiseke. Nilimkuta mama anachambua maharage. Nilimweleza yote, fundo, dagaa, mwiko, povu.

"Kwa hiyo alitazama," akasema.

"Alitazama, mama. Na ndilo pekee lililopona."

Alimwaga maharage kwenye sufuria, yaliyochambuliwa na yasiyochambuliwa, akaenda kumwagilia mchicha. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya salamu. Siku ya tatu nilikwenda kumkalia pembeni pale kwenye mchicha. Nilimwomba radhi kwa maneno yale ya karakana, nikisema kila neno kwa jina lake ili asije akadhani naomba radhi ya jumla jumla. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa mjinga," akasema.

"Hapana. Chachu ya pombe ni nyingine. Ile hufanya kazi ikiwa imefungiwa. Ukiifungulia fungulia, ukaipa hewa, wanaingia wageni wabaya, pombe inaharibika. Wewe ulifunika vizuri. Mimi ndiye niliyechukua mfuniko wako nikauweka mahali pasipotakiwa."

Alichomoa magugu ambayo hayakuwepo. "Na yule jirani?" akauliza. "Aliyekuja kuomba moto?"

"Labda aliingiza hewa. Labda ungo ulikuwa na uchafu. Labda chungu. Sidhani kama yalikuwa macho yake, mama."

"Nimemchukia mwanamke yule miaka arobaini," akasema. Halafu akasema, "Wabeja," shukrani ya kwetu ya Kisukuma, kwa sauti ya chini, na sikujua ananishukuru mimi au anamwambia nani. Wiki iliyofuata tulikwenda wote Kigongo.

Baada ya hapo tulifanya kazi kama watu waliochelewa, kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Kaka alichukua kompresa yake ya kujazia matairi, akatoboa mpira wa maji kwa msumari wa moto, akauzamisha chini ya mapipa, hewa ikawa inapanda kwa mapovu madogo madogo. Umeme ulipokatika aliizungusha kwa injini inayotumia dizeli yetu wenyewe ya samaki, na hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kuonyesha. Juu ya mapipa tuliweka chandarua tu, kuzuia nzi. Mimi nilitia chokaa kidogo kila uchachu ulipozidi, maana chachu ikikaa kwenye ukali wake yenyewe inachoka. Kompresa ilipopata moto ikapumzishwa, akina mama wa dagaa walikoroga. Mama alikuwa anapita pipa kwa pipa, anainama, ananusa. "Hili bado. Hili limefika." Nikichovya karatasi zangu, zinakubaliana naye.

Maji yaliyokomaa niliyapeleka chuoni kwa madumu. Nilichuja, nikachemsha na chokaa mpaka unga mweupe ukatuama chini, nikauosha, nikautenganisha kwa maji ya betri, nikachuja tena, nikaacha maji yakauke taratibu. Mara ya kwanza nilipoona chembe zinang'aa pembeni ya bakuli nilikaa kwenye kigoda nikazitazama tu. Hazikuzidi kijiko kimoja cha chai. Zilikuwa zimetoka kwenye shimo langu.

Siku ya mkutano ilipofika nilikuwa na chupa ya jamu imejaa unga huo mpaka shingoni. Shimo lilikuwa limebaki nusu. Hatukuwa tumelimaliza, na mwenyekiti alikuwa ametamka wazi kwamba limalizike. Kaka alivaa shati lake la harusi. Mama aliniuliza asubuhi ile kama ninaogopa, nikasema ndiyo, akasema na yeye.

Watu walikusanyika ofisi ya kijiji, halafu mwenyekiti akaamua mkutano uhamie karakana, kila mtu aone. Kundi zima likashuka kwa miguu. Vumbi lilikuwa jingi, na mama, aliyetutangulia, akayafunika mapipa kwa mifuniko ya bati ili vumbi lisiingie. Ndivyo alivyosema, na nilimwamini nusu. Kwa hiyo watu walipofika walichokutana nacho ni nusu shimo la tope na mapipa yaliyofunikwa.

"Shimo limekwisha?" mwenyekiti akauliza.

"Halijaisha," kaka akasema.

Minong'ono ikaanza. Nilisogea mbele kabla miguu haijabadili mawazo. Nikasema shimo lile ni langu. Nikasema nilimwambia kaka yangu achimbe kwa simu, bila kuja kuona, kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwamba katika mkutano uliopita nilikaa nyuma nikamwacha alibebe. Kwa waliopoteza dagaa niliomba radhi. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaonyesha unga. Nikatoa boliti ya kutu niliyokuwa nimeilowesha kwenye maji yake tangu jana, imetakata, nikaizungusha mkono kwa mkono. Nikasema tangu mwezi uliopita hakuna hata kopo moja la tope jipya lililoingia shimoni, na tope la zamani tunalichota kila wiki.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Maneno yako mazuri, binti. Lakini mimi naona mapipa yamefungwa. Kitu kizuri hakifungwi namna hiyo. Humo mnaficha nini?"

"Ndiyo, kuna nini humo?" wengine wakadakia. Sauti zikapanda. Nilifungua mdomo nianze kueleza habari za vumbi, na nikasikia jinsi itakavyosikika kama uongo.

Baadaye mikono iliponyooshwa kupiga kura, karakana ilibaki. Yule mama wa dagaa alisimama akasema yeye ameyatazama mapipa yale kuliko mtu yeyote pale, ameyatazama kwa nia mbaya, na hakuona ubaya. Mwenyekiti akatoa masharti mawili: shimo limalizwe na lifukiwe, na mapipa yasifunikwe mfuniko wowote, mtu yeyote anayepita ufukweni awe na ruhusa ya kuingia na kutazama. Tumeyashika yote mawili. Leo pale palipokuwa na shimo kuna chanja mpya.

Lakini kabla ya mikono kunyooshwa, wakati sauti bado ziko juu na mimi nimesimama na mdomo wazi, mama alitoka alipokuwa amesimama. Alitembea mpaka kwenye pipa la katikati, kubwa kuliko yote. Alishika mfuniko kwa mikono miwili, akauinua. Akauweka pembeni, akaondoa na chandarua.

"Njooni mtazame," akasema. "Wote."

Walikuja. Mwenyekiti kwanza, halafu yule mzee, halafu mstari ukaanza kujipanga wenyewe, kina mama na watoto mgongoni, vijana wa mitumbwi, kila mmoja akiinama juu ya pipa, akitazama mpaka aridhike, akinusa, akipisha mwenzake. Povu lilikuwa linapanda na kushuka. Mama alisimama pembeni na mfuniko kifuani, ameukumbatia, na mara ya kwanza nilidhani anawahesabu watu kimoyomoyo, maana midomo yake ilikuwa inatetemeka. Niliposogea ndipo nilipoona. Alikuwa amefumba macho.

Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Watu kama thelathini walikuwa wameshapita. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Mama, chachu bado inatoa povu."

Alingoja wengine wawili wapite. Halafu akafumbua macho, akanikabidhi mfuniko, akaenda kusimama kwenye mstari.